TUONYESHWE MCHORO WA BODI KABLA HAIJATENGENEZWA



Wengi wetu hapa Kasese tumemwona fundi akifungua kisanduku cha mashine ya pamba au cha mzani. Ndani mna sahani ya kijani yenye njia nyembamba za shaba, nayo huitwa bodi. Shaba wazee wetu waliichimba Kilembe tangu 1956 hadi 1982, ikaenda kwa treni kuyeyushwa Jinja. Bodi zenyewe twaletewa kutoka nje.

Itazame vizuri bodi inayopokea umeme. Kati ya upande wa volti 240 na upande wa swichi tunazozigusa, mara nyingi pana mwanya uliokatwa ukatokea chini. Si urembo huo. Vumbi la pamba au la saruji likipata unyevu, umeme hutambaa juu yake. Mwanya huikata njia hiyo. Kwa kanuni za Tume ya Kimataifa ya Ufundi wa Umeme, penye vumbi la namna hii mwanya usiofika milimita 1.5 kwa kawaida hauhesabiwi kuwa kinga.

Miaka kadhaa iliyopita, mahali nilipokuwa nikifanya kazi, bodi ya mashine moja iliungua. Mwajiri akaagiza nyingine ya kunakiliwa, kwa bei nafuu. Ikafika inang'aa, mashine ikawaka, meneja akafurahi. Mvua zilipoanza, mwenzetu mmoja aligusa swichi akatupwa chini. Alipona, lakini mkono wake wa kulia haukurudi kama zamani. Tukaambiwa alishika kwa mikono yenye maji, basi kosa ni lake. Fundi alipoziweka bodi mbili pamoja, pale penye mwanya kwenye ile ya zamani, hii mpya ilikuwa na mstari mweupe wa wino tu!

Kiwanda cha bodi hakikuiona bodi yetu. Hutumiwa faili za kompyuta ziitwazo Gerber, kila moja na tabaka lake: shaba, maandishi, matundu, ukingo. Mashine ya kukata hufuata faili ya ukingo. Mchoraji wetu aliuweka mwanya kwenye tabaka la maandishi, nao wakachapa wino kama walivyoambiwa. Ilitakiwa auchore kwenye ukingo, mstari ufunge pande zote, mbali na shaba, na upana usipungue ule wa kekee ya kukatia. Tena aandike waziwazi kwamba kuta za mwanya zisipakwe shaba, kwa maana zikipakwa ni afadhali usingekuwapo.

Waajiri watasema haya ni ya wahandisi. Mimi niliishia darasa la saba, na nimeyaona kwa macho yangu. Programu ya KiCad, aliyoianzisha Mfaransa Jean-Pierre Charras mwaka 1992, hutolewa bure, na humwonyesha mtu bodi itakavyokuwa kabla hajalipa hata shilingi.

Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2006 imempa mwajiri wajibu wa kutulinda kazini. Basi katika mapatano yajayo tudai kifungu hiki: bodi ya mashine isiagizwe mpaka fundi na mjumbe wa wafanyakazi wameulinganisha mchoro na bodi ya zamani, wakatia sahihi.

Wenzetu wa Bwera kwenye mashine za kukoboa kahawa, leteni majina ya mafundi wenu kwa katibu wa tawi kabla ya mkutano.