Dawa ya Chupa Haiponyi Gari Lililonyimwa Oili

Askari hufundishwa tangu siku zake za kwanza kambini kwamba bunduki isiyosafishwa ni rafiki wa adui. Hakuna afisa atakayeona mtutu umeshika kutu, kisha akaridhika kuambiwa kwamba utamiminiwa dawa siku ya mapambano. Lakini jambo hilo tusilolikubali kwa bunduki twalikubali kila siku kwa gari, nalo ndilo limbebalo askari pamoja na bunduki yake.

Siku hizi zimeenea madukani na kando ya barabara chupa za dawa za kusafisha injini. Nyingine humiminwa katika oili ili kuyeyusha tope, na nyingine katika tangi la petroli au dizeli ili kuondoa masizi. Madereva wetu wengi, wa jeshi na wa polisi, huzinunua kwa fedha zao wenyewe. Nia yao ni njema wala hatuwacheki. Ila hapana budi tuseme wazi kwamba chupa hizo hazikutengenezwa zichukue nafasi ya matunzo, na kwamba lawama ya kuzitumia vibaya haimwangukii dereva peke yake.

Tuanze na kosa letu wenyewe. Mwaka 2022 tulikuwa safarini kutoka Kotido kwenda Moroto katika gari la ofisi yetu, tukiwa na konstebo mmoja wa polisi aliyekuwa mgonjwa sana. Njiani taa nyekundu ya oili ikawaka. Dereva wetu, koplo mwenye uzoefu, akasema, "Afande, ni lazima tusimame." Tukamwamuru aendelee, kwa kuwa mgonjwa alikuwa taabani. Haukupita muda injini ikaanza kugonga, kisha ikakaza, isizunguke tena. Mgonjwa akalala chini ya mti saa nne nzima akisubiri gari jingine. Alipona, lakini hatuwezi kujisifu kwa hilo.

Koplo akatiwa mahabusu kwa kuharibu mali ya umma. Mafundi walipofungua sampu, walikuta chujio la pampu ya oili limezibwa na tope jeusi, zito kama lami. Siku tatu kabla ya safari hiyo, koplo alikuwa amemimina chupa ya dawa katika oili kuukuu, akaendelea kuliendesha gari. Dawa ilibandua tope lililoganda, nalo likashuka na kuziba chujio. Lakini kitabu cha gari nacho kilifunguliwa. Kilionyesha kwamba koplo alikwisha omba oili mara mbili, na kwamba safari zote zilizofuata ziliidhinishwa kwa sahihi. Sahihi hizo zilikuwa zetu.

Ni vema basi kila askari aelewe tope hili hutoka wapi. Oili inapopata joto kali kwa muda mrefu huchakaa na kuwa nzito. Masizi ya mafuta yasiyoungua vizuri hupenya kando ya ringi za pistoni na kuingia humo, na mvuke wa maji nao huganda ndani ya injini isiyopata joto la kutosha. Mchanganyiko huo ndio tope. Magari yetu yamo hatarini kuliko mengi, kwa maana husimama muda mrefu lindoni injini ikiunguruma, na mara nyingi huenda safari fupi fupi. Kampuni ya Ford, katika maelekezo ya magari yake ya polisi, huhesabu saa moja ya kusimama hivyo kuwa sawa na mwendo wa maili 33, yaani kilomita 53 hivi. Anayetazama kilomita peke yake hujidanganya.

Wengi hawajui kwamba oili njema imekwisha tiwa dawa kiwandani. Katika miaka ya 1930, injini za dizeli za matrekta ya Caterpillar zilisumbuliwa na ringi kunata kwa uchafu, ndipo watengenezaji wa oili wakaanza kutia ndani yake dawa za kusafisha. Dawa hizo huyashika masizi yakaelea, yasigande. Ndiyo maana oili ya dizeli huwa nyeusi mapema. Weusi huo pekee si dalili ya ubaya, bali mara nyingi ni ushahidi kwamba oili inafanya kazi. Lakini dawa hizo huisha. Zikiisha, oili haina uwezo tena, na hapo hakuna budi kuimwaga na kubadili filta.

Je, dawa za chupa ni bure? La hasha. Dawa ya tangini iliyo bora, hasa yenye kemikali iitwayo polietheramini, huweza kusafisha nozeli za petroli. Hata hivyo, katika injini za petroli ambazo nozeli yake hupuliza moja kwa moja ndani ya silinda, petroli haipiti juu ya valvu za kuingizia hewa, kwa hiyo dawa ya tangini haiwezi kuziosha. Nayo dawa ya kuosha oili ina kanuni zake: humiminwa injini ikiwa na joto, huachwa ingurume bila kuendeshwa kwa dakika zilizoandikwa kwenye chupa, kisha oili yote humwagwa ingali moto na filta hubadilishwa. Kama tope limekwisha kuwa nene, fundi afungue sampu na kulisafisha kwa mkono. Ama ule mtindo wa kuosha injini kwa mafuta ya taa uachwe, kwa sababu mabaki yake huipunguzia oili uzito na kuyaacha mabeba ya krenki bila kinga.

Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Gharama ya galoni chache za oili si kitu mbele ya gharama ya injini nzima, na injini si kitu mbele ya uhai wa mtu.

Kwa hiyo twatoa rai tatu. Dereva apime oili kila asubuhi kabla ya kuwasha gari, na taa nyekundu ikiwaka asimame na kuzima injini, hata kama aliyeketi kando yake ana nyota begani. Fundi mkuu wa karakana awe ndiye pekee mwenye idhini ya kutia dawa yoyote katika gari la kikosi. Na afisa asitie sahihi ya safari kabla ya kusoma ukurasa wa matengenezo. Gari likipitisha muda wa kubadili oili, safari ingoje.

Twajua wapo watakaosema kwamba kazi za ulinzi hazingoji. Nasi tulifikiri hivyo siku ile njiani, na kazi ilingoja saa nne chini ya mti.