Nguo za Kazi za Mume na Pumzi ya Mke



Biharusi hufundishwa mengi kabla ya kuingia ndani: udi, mapishi, kauli njema, na nguo za mume zifuliwe zing'are. Yote mazuri. Lakini tunaona somo moja limesahauliwa: kumuuliza mume anarudi nyumbani na vumbi gani.

Mwaka 1965, watafiti Newhouse na Thompson wa London walichapisha uchunguzi kuhusu mesotelioma, saratani ya utando unaozunguka mapafu au tumbo. Miongoni mwa wagonjwa walikuwemo wake ambao hawakuwahi kufanya kazi ya asbesto. Waume zao ndio walioifanya. Wao walifua nguo tu.

Nyuzi za asbesto ni nyembamba mno, hazionekani kwa macho. Ukizivuta zinaweza kubaki mapafuni, na ugonjwa ukaja baada ya miaka 20 hadi 50. Aliyefua akiwa biharusi huugua akiwa bibi. Mbali na saratani kuna asbestosi: mapafu hukakamaa, pumzi zikakatika hata kwa kupanda ngazi, na dawa ya kuyarudisha yalivyokuwa haipo.

Na sisi yanatuhusu. Majengo ya zamani yapo yenye paa la asbesto, yale mapande ya kijivu yenye mawimbi. Likiwa zima halijaguswa, hatari yake ni ndogo. Hatari ni kulikata, kulitoboa, kulivunja na kufagia vumbi lake kavu. Mume akiwa fundi wa paa, mvunja nyumba au fundi wa meli kuukuu, vumbi hilo huweza kumfuata hadi chumbani.

Rai yetu: nguo hizo zisivuke mlango wa nyumba. Abadilishe na aoge kazini, na mwajiri ndiye abebe jukumu la kuzifua. Zisikung'utwe kamwe, wala mtoto asikumbatiwe nazo. Na mkipewa nyumba kongwe ya kuanzia maisha, msijivunjie paa wenyewe kwa kubana matumizi.

Kumwambia mume haya si utovu wa adabu. Mwili ni amana, wake na wako, na dini yetu haituruhusu kujidhuru wala kudhuriana.

Masomo na makungwi wetu, tunawaomba mliongeze hili mnapomfunda mwari.