Kagueni Waya Kwanza

Jumapili moja, wiki mbili zilizopita, mchungaji wa mtaani kwetu, ambaye spika zake huniingilia chumbani kabla ya jua, alitangaza kwamba deki ya DVD ni mlango wa mapepo. Kila nyumba yenye sidii ya picha ya kutisha, alisema, ina mpangaji asiyelipa kodi. Dawa ni moja: sidii zote zikusanywe, ziletwe Jumatano, zichomwe moto. Kanisa zima likaitikia amina. Mimi nilikuwa kitandani natafuta kitambaa cha kuziba masikio, nikakumbuka kwamba usiku wa kuamkia siku hiyo nilikuwa nimetazama picha ya kutisha ya Waingereza kwenye deki hiyohiyo, na kilichoingia nyumbani kwangu ni mbu tu.

Nimechoka na imani hii. Ingekuwa ya wazee wa kijijini ningenyamaza, lakini wanayo wahasibu, wanayo wauguzi, na dada yangu mwenye shahada mbili anayo. Mtu huyohuyo anayeogopa kugusa kava la picha anakuja kwangu kuazima pasi ya umeme yenye waya uliochunika, na haombi hata sala fupi kabla ya kuichomeka.

Picha yenyewe inaitwa The Borderlands. Ilitengenezwa Uingereza mwaka 2013, mwongozaji ni Elliot Goldner, na ilikuwa filamu yake ndefu ya kwanza. Pesa hazikuwepo na wala hawakujaribu kuficha. Aliyezoea picha za Marekani, ambamo jiji zima linabomoka kabla hujamaliza bisi zako, ataona ni umaskini mtupu: wanaume watatu, nyumba ya kupanga kijijini huko Devon, kanisa dogo la mawe, na kamera zilizofungwa kichwani kama tochi za wachimbaji wa Mererani. Karibu kila unachokiona umekiona kwa macho ya mmoja wao, kwa hiyo akigeuka ghafla na wewe unageuka.

Kisa ni hiki. Padri kijana, Crellick, anadai kanisa lake limepata muujiza. Anao ushahidi wa video: ubatizo unaendelea, na vitu vya juu ya altare vinasogea vyenyewe. Vatican inatuma watu wake. Nao wakifika wanafanya nini? Hawakemei, hawamwagi mafuta ya upako, hawamshiki mtu kichwa na kumsukuma aanguke. Wanakagua waya. Deacon, anayechezwa na Gordon Kennedy, mzee mnywaji aliyetoka Brazil na jambo linalomkosesha usingizi, anapapasa kuta akitafuta pa kufichia spika. Kwake yeye, muujiza ni ujanja wa padri mpaka padri athibitishe vinginevyo. Na hapa ndipo nilipoisimamisha picha nikacheka peke yangu: mwepesi wa kuamini katika kundi lile ni Gray, fundi wa kamera, anayechezwa na Robin Hill, mtu asiye na habari na kanisa. Mlio ukisikika tu, Gray anatamani uwe wa mzimu. Ni mtu wa kanisa anayemwambia atulie, hiyo ni mbao inalia.

Msidhani hayo ni ya kwenye picha tu. Kule Lourdes, Ufaransa, wamejitokeza watu zaidi ya 7,000 kudai kwamba wamepona kimuujiza, madaktari wakakaa na mafaili yao, na miujiza ambayo Kanisa limeitambua tangu mwaka 1858 haijafika 80. Mwaka 1587 Papa Sixtus V aliweka rasmi ofisi ya mtu ambaye kazi yake ilikuwa kubisha: akiletwa mtakatifu, yeye anatafuta kasoro. Wakamwita wakili wa shetani, na alikuwa analipwa na Kanisa. Hebu niambieni, katika makanisa haya ya mabati yanayoota kila penye kiwanja, nani ameajiriwa kubisha? Mhasibu wa sadaka yupo. Mpiga kinanda yupo. Kuna hadi kijana wa kupaki magari. Wa kukagua waya hayupo.

Na waya zenyewe zinahitaji kukaguliwa, nasema kwa kuwa nilikuwepo. Miaka michache iliyopita nilisindikizwa na mke wangu kwenye mkesha, kanisa silitaji. Katikati ya maombezi spika zikaanza kunguruma. Mngurumo mzito, wa tumboni, unaopanda na kushuka. Kina mama wawili wakaanguka. Mchungaji akaukemea ule mngurumo kwa robo saa, akauita kwa majina, akauuliza umetumwa na nani. Haukujibu, ila ulizidi. Mwishowe kijana mmoja mwembamba, fulana imetoboka kwapani, akainama nyuma ya mikisa, akachomoa waya, akaupangusa kwenye suruali, akaurudisha. Kimya. Kanisa likalipuka kwa vigelegele na shuhuda zikatolewa. Yule kijana hakupewa hata soda.

Watetezi wa imani hii wana hoja, na mimi ni mtu wa haki, nitaitaja. Mwanakwaya mmoja aliniambia kwamba yeye alitazama picha ya kutisha siku moja tu, na usiku huo friji lake likaanza kugonga. Mama, friji lako ni la mtumba. Lilikuwa linagonga huko lilikotoka, na linagonga kwa sababu kompresa imechoka kama wewe na mimi. Ungetazama picha ya harusi usiku ule lingegonga vilevile, ila usingekuwa macho kulisikiliza. Hoja nyingine sijaletewa.

Tena msifikiri wenzetu wazungu walikuwa na akili zaidi. Uingereza hiyohiyo iliingiwa na kiwewe cha kanda za video, polisi wakawa wanavamia maduka kubeba kanda, na mwaka 1984 ikatungwa sheria. The Exorcist, picha ambayo mapadri ndio mashujaa wake, iliondolewa kwenye maduka ya video mwaka 1988 na haikupata kibali hadi 1999. Miaka 11 Mwingereza alikingwa na mapepo ya kwenye kanda. Sijasikia kwamba katika miaka hiyo mvua zilinyesha kwa wakati.

Kinachoniudhi zaidi ni kwamba sidii zinatuacha zenyewe bila kuchomwa na mtu. Deki haziuzwi tena kama zamani, vibanda vya sidii vimegeuka vya kutolea pesa, na zilizobaki ni zile za picha tisa kwa moja, ambamo ya nne inagoma na ya saba ina maandishi ya Kichina. Hii yangu nililetewa na rafiki aliyetoka London, sidii halisi, haina hata mkwaruzo. Mtu anataka niichome.

Najua mtakaloniambia mlioitazama. Mwishoni pepo linakuwa kweli. Deacon na Gray wanaingia kwenye mapango chini ya kanisa, njia inazidi kuwa nyembamba, kuta zinalowa, wanatambaa kwa matumbo, na taratibu unaelewa kwamba walimo hapakujengwa na mtu. Wako tumboni mwa kitu. Kinawameng'enya wakiwa hai huku mmoja anasali. Sikulala vizuri, nakiri, na kwa pesa zile za kuokoteza ni mwisho unaoyashinda mapicha ya mabilioni niliyowahi kuona. Lakini tazameni mpangilio. Walipokuwa wanakagua waya, aliyeungua ni kondoo, tena alichomwa na vijana wa kijijini. Maafa yalikuja walipoacha kukagua, wakamwita padri mmoja mzee, Calvino, aje kukemea. Padri Crellick aliyejirusha kutoka mnarani namweka pembeni, maana ataniharibia hoja.

Jumatano ilifika nikiwa kazini. Mke wangu ni mtu wa amani, hapendi majirani wamnyooshee kidole. Alichukua kava la The Borderlands juu ya kabati, akalipeleka na wenzake, likaingia kwenye pipa pamoja na sidii za watu wengine, petroli ikamwagwa. Moshi wa plastiki ulitukohoza mtaa mzima hadi Ijumaa, na mtoto wa jirani mwenye pumu walimkimbiza hospitali. Hilo halikutajwa kwenye shuhuda.

Jioni ya Jumatano hiyo nikawasha deki. Sidii ya Waingereza ilikuwa humohumo nilipoiacha Jumamosi. Sasa ndipo nikaanza kujiuliza kavani mlikuwa na nini, maana nina tabia mbaya: nikitoa sidii kwenye deki naitia kwenye kava la ile ninayoiingiza. Nikapekua kabati lote. Kava la harusi ya dada yangu lilikuwa tupu. Ilikuwa nakala pekee. Keki ya ngazi tano, kamati nzima na suti zao za kuazima, na baba yetu, miezi minne kabla ya kufariki, akicheza na leso begani huku anakataa kukaa. Vyote vilikemewa, vikachomwa, watu wakapiga makofi. Hakuna aliyefungua kava.

Dada bado hajui. Juzi amenipigia simu akaniomba nimwazime ile sidii, anataka mwanawe amwone babu yake.