Kabla ya Kumwita Mtoto Mjinga



Sisi wauguzi huletewa watoto ambao wazazi wao wamekwisha kukata tamaa. "Huyu kichwa chake hakishiki kitu, afadhali akachunge ng'ombe." Maneno hayo husemwa mbele ya mtoto mwenyewe, naye huyaamini.

Ni kweli kwamba watoto hawalingani katika kufikiri mambo yasiyoonekana kwa macho. Uliza hivi: Asha ni mrefu kuliko Petro, na Petro ni mrefu kuliko Yohana. Nani mfupi kuliko wote? Mmoja hujibu mara moja. Mwingine hubabaika mpaka awaone watu hao wamesimama mbele yake. Je, huyu wa pili hana akili?

Wataalamu waliwapima watoto wa shule za msingi huko Bagamoyo, na matokeo yakachapishwa mwaka 2002. Watoto walipewa kadi za kupanga kwa makundi, mafumbo ya namna hiyo, na mchezo wa kutambua kitu kwa kuuliza maswali. Kisha baadhi yao walifundishwa namna ya kufikiri, kwa muda usiofika saa moja, wakapimwa tena. Waliofundishwa walipanda. Tena, waliotangulia mara ya kwanza si lazima ndio waliotangulia mara ya pili. Kwa maoni yetu, alama za siku moja hazitoshi kuamua maisha ya mtoto.

Basi, kabla ya kumwachisha shule, angalieni haya:

1. Masikio na macho. Mtoto anayetoka usaha sikioni, au asiyeona ubao, huonekana mzito.

2. Minyoo na upungufu wa damu. Mtoto asiye na damu ya kutosha husinzia darasani.

3. Chakula. Asiende shule na njaa. Uji, kunde, karanga na mlenda tunavyo.

4. Chumvi yenye madini joto, hasa kwa mama mjamzito. Upungufu wa madini hayo hudhuru ubongo wa mtoto angali tumboni, na dhara hilo haliponi kwa kiboko.

Jioni, tegeaneni vitendawili. Chezeni bao pamoja naye, mkimwuliza kwa nini amecheza hivyo.

Wapo watakaobaki wazito hata baada ya hayo yote. Hao nao wana haki ya kufundishwa kwa subira, kwa kadiri ya uwezo wao.

Mleteni mtoto kliniki kwanza. Ng'ombe watasubiri.