Zamu si ya mwenye sauti kubwa

Vijana wangu wa Dungeons & Dragons, mnaniudhi. Kila tukifika vitani, yule mwepesi wa kusema anapiga, anakunywa dawa, anapiga tena, eti "vitendo vya ziada." Vya ziada kutoka wapi? Kwa kanuni za 2014, zamu ina kitendo kimoja na mwendo, basi. Kitendo cha nyongeza unakipata kama tu uwezo wako au uchawi umekupa, na ni kimoja kwa zamu. Mpiganaji wa ngazi ya 2, kweli, anaweza kujiongezea kitendo kizima. Akishakitumia, mpaka apumzike. Ngazi ya 5 inampa pigo la pili, si kitendo cha pili. Hapa mnachanganya kila wiki!

Wafanyakazi wa mashirika wananiambia, "Waachie, ni mchezo tu." Hapana jamani. Yule dada wa pembeni, ambaye Kiswahili bado anajifunza, anangoja dakika 20 arushe dadu mara moja, halafu Jumamosi inayofuata haji. Kitendo cha bure cha mmoja kimekula zamu yake. Nikisimamia mimi, usiponionyesha kwenye karatasi yako kitendo kimetoka wapi, tunaenda kwa anayefuata.