Bei ya Mjumbe

Mjadala wa rushwa ya uchaguzi nchini Tanzania umezoea kumwandama mtoaji na mpokeaji, ukiuliza nani amekiuka maadili na sheria ipi imwadhibu, huku mfumo wenyewe wa uchaguzi, yaani kanuni zinazoamua nani apige kura na kura hizo zigeuzwe vipi kuwa viti, ukiachwa nje ya hesabu. Makala hii inashikilia kwamba kanuni hizo ndizo zinazoamua fedha ipite wapi na iishie mikononi mwa nani.

Mfano ulio wazi zaidi ni Japani ya kabla ya 1994. Jimbo la baraza la chini lilikuwa na viti vitatu hadi vitano kwa kawaida, na mpiga kura alikuwa na kura moja tu, kwa hiyo chama kilichotaka wingi wa wabunge, kama LDP, chama kilichotawala kwa muda mrefu, kililazimika kusimamisha wagombea kadhaa katika jimbo lilelile. Wagombea hao, wakiwa na ilani moja, hawakuwa na sera ya kuwatofautisha bali hisani ya mtu binafsi, na kila mmoja alijijengea koenkai, yaani jumuiya ya wafuasi wake mwenyewe, aliyoitunza kwa zawadi za harusi, rambirambi za misiba na safari, gharama ambazo mshahara wa mbunge haukuzimudu. Kashfa za kampuni za Recruit (1988) na Sagawa Kyubin (1992) zilifichua baadhi ya waliokuwa wakiziba pengo hilo. Mageuzi ya 1994 yalileta majimbo 300 ya kiti kimoja na viti 200 vya uwiano, vinavyogawiwa vyama kulingana na kura zao, na ushindani wa ndugu wa chama kimoja ukapungua. Hata hivyo fedha zisizoandikwa za makundi ya LDP, zilizozua kashfa mwaka 2023, zinaonyesha kwamba ugawaji wa viti haumalizi kila kitu.

Tanzania, yenye majimbo ya kiti kimoja, ingedhaniwa kuwa mbali na Japani hiyo. Lakini pale chama kimoja kinapokuwa na uhakika wa ushindi, uchaguzi halisi huwa ni kura za maoni za ndani ya CCM, chama tawala, yaani kura za kuteua wagombea wake, ambamo watu wa ilani moja hushindana mbele ya wapiga kura wanaoweza kuorodheshwa kwa majina. Chama hicho kiliwafungulia wanachama wote kura hiyo mwaka 2010, kisha mwaka 2020 kikairudisha kwa wajumbe wa mikutano mikuu ya majimbo. Na wapiga kura wanapopungua, bei ya kila mjumbe hupanda, ilhali gharama ya kuwafikia wote hushuka. Sheria ya uchaguzi nayo ilishughulikia utoaji tu: mwaka 2000 ilirekebishwa ili takrima, yaani ukarimu wa kimila, isihesabiwe kuwa rushwa, na Mahakama Kuu ikakibatilisha kifungu hicho mwaka 2006, ikiona pamoja na mengine kwamba kinambagua mgombea asiye na kitu. Hukumu hiyo ilistahili sifa, lakini haikugusa kinachomsukuma mgombea kutoa.

Wapo wanaoona dawa katika orodha za vyama, ambamo chama ndicho kinachopanga watakaopata viti vyake. Viti maalum vya wanawake, ambavyo hugawiwa vyama kwa uwiano wa kura, vinatoa tahadhari: mgombea wa kiti hicho hana jimbo la kulihonga, ila ana wapanga orodha wa kuwaridhisha, na hao nao wanaweza kuorodheshwa kwa majina.

Nguvu hiyo ya chama iliguswa mwaka 2013, pale Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu ilipoamua kwamba kumzuia mgombea binafsi, asiyedhaminiwa na chama, nchini Tanzania kunakiuka haki zake. Hukumu hiyo husomwa kama suala la haki ya mtu mmoja, na inafaa isomwe pia kama suala la rushwa, kwa kuwa maadamu jina haliwezi kufika kwenye karatasi ya kura ila kwa kupitia chama, msimamizi wa uteuzi anabaki na bidhaa isiyopatikana kwa muuzaji mwingine yeyote.