Sarafu za Kilwa Zina Vina

Ni washairi wachache miongoni mwetu wanaojua kuwa sarafu za shaba za Kilwa zilitungwa kwa vina. Upande mmoja huwa na jina la mtawala, kwa mfano Ali bin al-Hasan. Upande wa pili huwa na maneno ya Kiarabu ya kumtegemea Mwenyezi Mungu. Yasome pamoja, utasikia miisho ikiitikiana. (Ni mishororo miwili ya kina kimoja, jambo ambalo mtunzi wa tenzi atalitambua mara moja.) Sarafu tano za Kilwa ziliokotwa hata kule Australia mwaka 1944, shairi lilikuwa limesafiri kuliko diwani nyingi.

Sarafu hiyo ikilazwa katika kabati la kioo, mtazamaji huona uso mmoja tu. Amepewa nusu ya shairi, tena bila kuambiwa kuwa ni nusu. Katika maonyesho ya mtandaoni desturi ni kuziweka nyuso zote mbili bega kwa bega, na kina kinarejea. Ndiyo maana sikubaliani na wanaodai kuwa picha ya mtandaoni siku zote ni kivuli cha kitu chenyewe. Kwa kitu kilichoundwa ili kigeuzwe mkononi, kioo cha simu kimekitendea haki kuliko kabati.

Majengo ni habari nyingine. Mwaka 2020 Google Arts & Culture, pamoja na CyArk na ICOMOS, walifungua maonyesho ya mtandaoni yaliyoijumuisha Kilwa Kisiwani miongoni mwa maeneo yanayotishiwa na mabadiliko ya tabianchi. Ni kazi ya thamani, kwa kuwa bahari inazila kuta zile na vipimo vilivyokwisha kuchukuliwa havitamomonyoka. Lakini Husuni Kubwa ilijengwa juu ya jabali ili mgeni aione kutoka majini, kisha aipandie. Mtandaoni unashushwa ndani yake kama ndege, na ile hali ya kuwasili, ambayo ndiyo nusu ya usanifu wake, haipo.

Linalonikera zaidi ni lugha. Maelezo ya sarafu hizi niliyoyasoma mtandaoni ni ya Kiingereza: uzito, madini, tafsiri ya maneno. Tafsiri ni sahihi, ila kina kimepotea, na msomaji hana namna ya kukishuku. Kijana wa Kilwa Kivinje au Lindi anayenunua bando lake kwa shida anakutana na urithi wa kwao ukiwa bubu. Kuuondolea ububu huo si kazi ya wahandisi. Yanatakiwa maelezo ya Kiswahili yatakayosema wazi kuwa hapa pana vina, na sauti ya msomaji mzuri wa Kiarabu isikike, upande wa kwanza kisha wa pili, kwa muda usiozidi sekunde kumi. Washairi wa pwani hii wanaweza kuiandaa kabla ya mtu yeyote kuwaomba.